Mdogo wangu yuko gerezani na kila siku anaadhibiwa, inawezekana ni ADHD?

"Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 24, yuko gerezani kwa mara ya pili, na mara zote mbili ni kesi za kupora simu. Tangu akiwa mdogo hatulii, shuleni alikuwa anatolewa nje ya darasa kila wiki, madaftari anapoteza, akarudia darasa na mwisho akaacha. Akiwa darasa la tano alidondoka kwenye mti akazimia kidogo. Baadae akaanza bangi, anasema ndo kitu pekee kinachomtuliza kichwa. Sasa huko ndani ni makosa juu ya makosa, anajibizana na askari, anatoka kwenye mstari wa kuhesabiwa, amepigana mara kadhaa sababu mtu kamtukana, ameshawekwa selo ya peke yake mara mbili na siku zake za msamaha zimekatwa. Lakini akipewa penseli anachora toka asubuhi mpaka jioni hanyanyui kichwa. Binamu yetu anayesomea uuguzi anasema hiyo inafanana na ADHD. Mama hataki kusikia, anasema ni ukaidi tu na sisi tunamtafutia visingizio. Amebakiza miezi tisa atoke. Naomba kujua, inawezekana ni ADHD kweli? Na kama ndiyo itamsaidia nini akiwa ndani? Na hizo dawa zake si ndo madawa ya kulevya tena?"

Marahaba dada yangu, na pole sana, maana kuwa na ndugu ndani ni kifungo cha familia nzima, na naona wewe ndo umebeba mzigo wa kumfuatilia.

Nikujibu moja kwa moja kwanza halafu nieleze. Ndiyo, inawezekana kabisa kuwa ni ADHD, yaani tatizo la ubongo la kukosa umakini, kutotulia na pupa, na kwa ulivyoelezea mimi ningetaka apimwe kabla hiyo miezi tisa haijaisha. Kusema anayo siwezi, na daktari yeyote atakayekuambia anayo kwa kusoma tu ujumbe wako usimwamini, hasa kwasababu umetaja vitu viwili, ule mdondoko na bangi, ambavyo vyenyewe vinaweza kuleta dalili zinazofanana au kuongezea zilizokuwepo. Hivyo nitavirudia huko chini.

Kwanza ujue mdogo wako sio kituko. Huku nje ADHD inakadiriwa kuwapata watoto kama 5 kati ya 100, na kwa watu wazima inashuka mpaka kama 2 au 3 kati ya 100. Gerezani namba inapanda sana. Mwaka 2015 mtafiti Susan Young na wenzake walikusanya tafiti za magereza ya nchi mbalimbali wakapata kama robo ya wafungwa wana ADHD. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2024, uliochukua wafungwa watu wazima waliohojiwa kitaalamu, ukapata kama 8 kati ya 100. Tofauti ni kubwa na nisingependa uifumbie macho. Sababu moja ni kwamba ukimpa mfungwa yeyote dodoso la kujaza, atakuambia halali, hatulii, hawezi kufikiria jambo moja, ana hasira, na hiyo ni gereza lenyewe linaongea, au ni mwili unaoacha pombe na madawa, au ni stresi ya kesi. Ndo maana mimi nasisitiza apimwe na mtu anayejua kutenganisha. Lakini hata ukishika ile namba ya chini, bado ni karibu mara tatu ya huku nje, na wengi wao hakuna aliyewahi kuwaambia kitu zaidi ya "wewe mtukutu".

Sasa twende kwenye hoja ya mama, kwamba huu ni ukaidi. ADHD ni tatizo la jinsi ubongo unavyokua, linaanza utotoni, na kwa sehemu kubwa mtu anazaliwa nalo, tafiti za mapacha zinaonyesha kama asilimia 74 ya tofauti kati ya watu kwenye dalili hizi inatokana na kurithi. Halitokani na kudekezwa wala kukosa fimbo. Sehemu inayohusika zaidi ni ya mbele ya ubongo, hapa nyuma ya paji la uso, ambayo kazi yake ni kuzuia, kupanga, kukumbuka ulichoambiwa sasa hivi, na kupima "nikifanya hivi baadae itakuwaje". Sehemu hiyo inategemea kemikali mbili, dopamini na noradrenalini, na kwa mwenye ADHD hizo hazifanyi kazi vizuri kama inavyotakiwa. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2007 uliofuatilia picha za ubongo wa watoto, ukaona gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, la watoto wenye ADHD linafikia unene wake wa juu kabisa wakiwa na miaka kama kumi na nusu, wenzao wanafikia wakiwa na saba na nusu. Yaani wanachelewa miaka mitatu hivi, na huo ndo umri ambao shule inadai mtoto akae, anyamaze na asubiri zamu yake.

Kinachoonekana kwa nje ni mambo matatu: umakini unaokatika, mwili usiotulia, na pupa ya kutenda kabla ya kufikiri. Mtu akikua ule mhangaiko wa miguu unapungua, wengi wanauelezea kama kitu kinachowasha kwa ndani, ndo maana watu wanadhani ADHD ni ya watoto na inaisha. Kwa baadhi inapungua sana kweli. Kwa wengine pupa inabaki, na pupa ndo inayowaharibia maisha.

Hebu tuuangalie huo mstari wa kuhesabiwa. Watu wamesimama, hesabu haijakubali, inaanza upya. Mfungwa wa kawaida anachoka, anahamisha uzito toka mguu huu kwenda huu, anavumilia. Mwenye ADHD mwili umeshaanza kumsumbua toka ile hesabu ya kwanza, anageuka kumsemesha wa nyuma, anamuona mtu aliyechukua sabuni yake, anapiga hatua mbili kumfuata, na hapo hata hajajua kuwa ametoka kwenye mstari. Askari anamuita kwa jina. Hapo kuna kama sekunde moja ya kuchagua, ile sekunde ambayo wewe na mimi tunameza maneno, na yeye hiyo sekunde hana, mdomo umeshafunguka, "si narudi!", kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka. Askari naye hawezi kuliacha lipite mbele ya wafungwa wote. Kosa lililokuwa moja limeshakuwa mawili, na usiku amelala akijiuliza kwanini amejibu vile wakati jana yake tu alijiapiza kwamba hatajibizana tena na mtu. Watu wanasema "huyu hana breki", na kwa kweli ndo ilivyo, nia anayo ila breki inakamata akiwa ameshapita.

Ndo maana pia adhabu inakuwa kama haimuingii. Adhabu inamfundisha mtu akiweza kuikumbuka kwenye ile sekunde ya kabla, na kwa mwenye ADHD kitu cha kesho kina uzito mdogo sana mbele ya kitu cha sasa hivi. Siku za msamaha zitakazokatwa ni za mwezi wa ngapi huko, tusi la mwenzake ni la sasa. Utafiti mmoja uliofanyika kwenye gereza la Scotland, ukachapishwa mwaka 2009, uliona wafungwa waliokuwa na dalili za ADHD wanahusika kwenye matukio ya vurugu mara nane zaidi ya wengine, na hata walipoondoa athari ya tabia ya kupinga jamii bado ilikuwa mara sita. Mkuu wa gereza akiisoma hiyo anaweza kusema "basi hawa ndo hatari". Mimi naiona kama sehemu ambayo matibabu yangepunguzia kazi kila mtu, askari wakiwemo.

Je, ADHD ndo iliyompeleka jela? Hapa naomba uwe makini, maana ni rahisi kuteleza. Watu wengi sana wenye ADHD hawajawahi kuiba hata kalamu, ni walimu, mafundi, madaktari. ADHD haitengenezi mhalifu. Inachofanya ni kumuweka mtu kwenye njia yenye utelezi: anatolewa darasani, anabaki nyuma, anaacha shule, anakaa na wenzake waliotolewa pia, anaanza kuvuta mapema, halafu siku moja simu iko mkononi mwa mtu na mkono wake unaenda kabla ya kichwa. Makosa yao mara nyingi ni ya hivyo, ya ghafla, hayana mpango, na kwa kukosa mpango ndo wanakamatwa haraka. Hata kituo cha polisi wanapata shida ambayo watu hawaifikirii. Anahojiwa masaa, umakini umeisha, anajibu "sijui" kwa kila kitu, au anakubali chochote ili atoke. Gisli Gudjonsson, mwanasaikolojia aliyechunguza mambo ya kukiri makosa, aliona na wenzake kwamba wafungwa wenye dalili za ADHD walikuwa wanaripoti zaidi kuwa waliwahi kukiri kosa ambalo hawakulifanya.

Kwahiyo mama hajakosea kila kitu. Aliyeporwa simu ameumia, na jina la ugonjwa halimrudishii. Kwa kawaida ADHD haimuondolei mtu hatia mahakamani, mara nyingi zaidi inatumika kama sababu ya kupunguziwa adhabu au kupewa msaada, na hilo muulize wakili. Ila mwambie mama hivi: kisingizio ni kile kinachomuachia mtu asifanye kitu, wakati matibabu ya ADHD ni kazi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ataifanya mdogo wako mwenyewe.

Na hiyo ya kuchora toka asubuhi mpaka jioni, najua ndo inayowafanya watu waseme "mbona akitaka anaweza". Ni hoja inayoeleweka lakini haiko sawa. Umakini wake upo, tatizo ni kuuelekeza. Kitu kinachompendeza na kumpa matokeo papo hapo kinaushika umakini wake kiasi kwamba hasikii akiitwa, na kitu kinachochosha hakiushiki hata kwa kulazimishwa. Hiyo tunaiona kwa wagonjwa wengi sana wa ADHD. Usiitumie kama ushahidi dhidi yake, tena kwenye barua zako zote itaje, maana mfungwa anayeweza kukaa na penseli siku nzima anaweza kupangiwa useremala, uchoraji wa mabango, ushonaji, kazi ya mikono yoyote, na siku anayofanya kazi ya hivyo ni siku ambayo hagombani na mtu.

Bangi sasa. Anaposema inamtuliza kichwa namuamini, wengi wanasema hivyo, na kuna ambao kwa kweli walikuwa wanajitibu bila kujua wanatibu nini. Shida ni kwamba utulivu ni wa masaa machache na gharama yake ni kumbukumbu na umakini ule ule uliokuwa mbovu toka mwanzo, hasa kwa aliyeanza ubongo bado unakua. Kwenye upimaji swali ni nini kilitangulia. Umesema darasani alikuwa anatolewa kabla ya bangi, hiyo ni pointi kubwa sana inayoelekeza kwenye ADHD. Ule mdondoko nao una swali hilo hilo. Kuumia kichwa kunaweza kumuacha mtu na hasira za haraka, usahaulifu na pupa, na wafungwa wengi wana historia ya kuumia kichwa kuliko watu wa nje. Je, darasa la kwanza na la pili, kabla ya mti, alikuwaje? Kama alikuwa mtulivu, anamaliza kazi, halafu akabadilika baada ya kudondoka, hadithi ni nyingine kabisa na daktari ataangalia ubongo kwa mtazamo huo. Kama alikuwa hivi hivi toka anaanza kutembea, ADHD inapata nguvu, na inawezekana vyote viwili vipo.

Kuna na vingine vya kuangalia, siviendei kwa undani: kiwewe cha mambo aliyoyaona au kufanyiwa, sonona, shida ya kusoma na kuandika, masikio, na ule ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka. Tofauti moja inayosaidia ni kwamba ADHD inakuwepo siku zote, miaka yote, haiji kwa vipindi.

Upimaji wenyewe hauna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayotoa jibu. Ni mahojiano marefu. Kwa mwongozo wa kutambua magonjwa ya akili unaotumika sana, ule wa DSM-5 uliotoka Marekani mwaka 2013, mtu wa miaka 17 na kuendelea anatakiwa awe na dalili zisizopungua 5 za kukosa umakini au 5 za mhangaiko na pupa, baadhi ziwe zilikuwepo kabla ya miaka 12, zionekane sehemu zaidi ya moja kama nyumbani na shule, na ziwe zinamharibia maisha kweli. Kuna dodoso fupi la maswali 6 lililotengenezwa na Shirika la Afya Duniani, hata nesi wa gereza anaweza kulitumia, ila hilo ni la kuchuja tu, akipita hapo ndo aonane na daktari wa akili.

Na hapa ndo wewe na mama mnahitajika kuliko mtu yeyote. Daktari akimkuta mtu wa miaka 24 mwenye sare ya jela, utoto wake haupo mahali popote isipokuwa kwenye kumbukumbu zenu. Ukiandika "alikuwa mtundu sana" haimsaidii daktari kitu, kila mtoto ni mtundu. Andika vitu vilivyotokea. Darasa la pili mwalimu alimkalisha peke yake mbele kwa sababu alikuwa anainuka katikati ya somo. Akitumwa vitu vitatu anarudi na kimoja. Alivuka barabara bila kuangalia mpaka mkawa mnamshika mkono akiwa na miaka tisa. Hiyo ni mifano yangu, weka yenu. Kama kuna ripoti za shule zilizobaki kwenye sanduku, hata zile zenye maneno mabaya, hizo ni dhahabu, piga nakala.

Kabla hujamwandikia mtu yeyote gerezani ongea kwanza na mdogo wako. Ni kichwa chake na ni siri yake. Kuna wenzake watakaomcheka wakisikia, na kuna watakaomwona dhaifu, kwahiyo yeye ndo aamue nani ajue. Akikubali, aombe mwenyewe kuonana na daktari au muuguzi wa gereza, na wewe upeleke maelezo ya utotoni.

Kwenye dawa nitakaa kidogo maana umeuliza kwa hofu na hofu yako ina msingi. Dawa zinazofanya kazi zaidi ni za kundi la vichangamshi, methilifenidati na zile za jamii ya amfetamini, na ndiyo, ziko kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa kisheria kwa sababu zinaweza kutumiwa vibaya. Lakini kidonge kinachomezwa kwa dozi ya daktari kinapandisha dopamini taratibu, hakileti ule mlipuko wa mtu anayenusa au kujidunga, na tafiti hazionyeshi kwamba kumtibu mtu mwenye ADHD kunamfanya awe teja baadae. Hatari ya kweli gerezani ni nyingine: wenzake wamnyang'anye, wamlazimishe auze, au yeye mwenyewe ashawishike kubadilishana. Ndo maana ikitumika huko inatakiwa iwe ile inayofanya kazi siku nzima kwa dozi moja ya asubuhi, anameza mbele ya muuguzi. Au atumie atomoksetini, ambayo sio kichangamshi na haina soko la kulevya, ila inachukua wiki kadhaa mpaka ifanye kazi vizuri, kwahiyo asikate tamaa wiki ya pili. Zote zinahitaji kupimwa presha na kuulizwa kuhusu moyo kabla, na zinaweza kuondoa hamu ya kula au, hasa vichangamshi, usingizi.

Zinasaidia kiasi gani? Nakupa pande zote mbili. Uswidi mwaka 2012 walifuatilia watu zaidi ya 25,000 wenye ADHD, wakamlinganisha kila mtu na yeye mwenyewe, kipindi anatumia dawa na kipindi hatumii. Kipindi cha dawa makosa ya jinai yalipungua kwa asilimia 32 kwa wanaume na 41 kwa wanawake. Huko huko Uswidi kulikuwa na jaribio ndani ya gereza, wanaume 30 tu, na waliopewa methilifenidati walipata nafuu kubwa. Halafu likaja jaribio kubwa zaidi la Uingereza, vijana 200 wafungwa wa miaka 16 mpaka 25, wiki 8, matokeo yakachapishwa mwaka 2023, na dawa haikufanya vizuri kuliko kidonge kisicho na dawa. Mdogo wako umri wake ni huo huo, kwahiyo sikufichi. Ninavyolielewa mimi ni kwamba vijana wa hivi wanabeba vitu vingi kwa pamoja, kiwewe, madawa, shule iliyokatika, na wiki 8 za vidonge peke yake haziwezi kuyabeba yote hayo. Dawa ningemjaribishia, kwa uangalizi, na kama baada ya dozi sahihi na muda wa kutosha hakuna tofauti, aache.

Na kama dawa hizo hazipatikani hapo alipo, jambo ambalo ni la kawaida sana magerezani, bado kuna ya kufanya. Kuelewa tu tatizo lake kunamsaidia, wengine ndo mara ya kwanza wanaacha kujiita wajinga. Kuna tiba ya kuzungumza inayofundisha kutambua hasira inapopanda na kupanga hatua. Kuna mazoezi ya mwili kila siku, kulala saa ileile, kuandikiwa maagizo badala ya kuambiwa manne kwa pamoja. Wewe ukienda kumtembelea mpe jambo moja tu, umuandikie kwenye karatasi kama inaruhusiwa, usimmwagie mawaidha ya nusu saa, hayatabaki. Na mfanye mazoezi ya sentensi moja ya kutumia askari akimuita, mfano "sawa afande", halafu kimya. Aitamke mbele yako mara nyingi mpaka itoke yenyewe, kwa sababu kwenye ile sekunde hataweza kutunga kitu kipya, atatoa kilichozoeleka.

Kuhusu zile adhabu, kuna kitu familia nyingi hazijui. Umoja wa Mataifa ulipitisha mwaka 2015 Kanuni za Nelson Mandela kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa. Kanuni ya 24 inasema mfungwa apate huduma ya afya ya kiwango kile kile cha watu wa nje. Kanuni ya 39 inasema kabla ya kumpa mfungwa adhabu ya nidhamu, gereza liangalie kama ugonjwa wa akili au ulemavu wa ukuaji umechangia alichofanya. Na ya 45 inakataza kumfungia peke yake mwenye ulemavu wa akili au mwili ikiwa hali yake itazidi kuwa mbaya kwa hilo. Kanuni hizi hazina nguvu ya sheria moja kwa moja kila mahali, lakini zinatajika kwenye barua. Iandike kwa heshima, usilaumu, omba tu apimwe na omba matokeo yazingatiwe kwenye mambo ya nidhamu. Kama kuna wakili au shirika la msaada wa kisheria mnaloweza kulifikia, bora waipitie kabla haijaenda.

Selo ya peke yake ndo inayonitia wasiwasi kuliko vyote. Wenye ADHD wana hatari kubwa zaidi ya kujidhuru kwa sababu ya ile ile pupa, wazo likija hakuna muda wa kuliacha lipite. Akianza kusema hana faida, bora afe, au ukaona makovu mapya mikononi, usisubiri siku nyingine ya kutembelea, siku hiyo hiyo mwambie ofisa wa zamu na mtu wa afya wa gereza, kwa mdomo na kwa maandishi. Vivyo hivyo akisikia sauti, akipata degedege, akikaa siku kadhaa halali na bado ana nguvu na maneno mengi, au kichwa kikimuuma sana na anatapika. Hizo sio ADHD na hazisubiri foleni.

Kingine ni siku ya kutoka. Wengi wanaanza matibabu ndani halafu yanakatikia getini, hana barua, hana dawa, hana tarehe ya kliniki, na mtu ambaye shida yake ni kupanga ameachiwa apange kila kitu peke yake. Uswidi tena, utafiti wa mwaka 2016 wa wafungwa zaidi ya 22,000 walioachiwa, uliona waliokuwa wanapewa vichangamshi walirudia makosa ya vurugu kwa kiwango cha chini kama asilimia 38 kwenye vipindi vya dawa. Lakini dawa ilikuwepo nje, hiyo ndo pointi. Kwahiyo kwenye huu muda mlio nao omba muhtasari wa matibabu uandikwe kabla hajatoka, mtafutie tarehe ya kliniki ya wiki ya kwanza, na wewe au ndugu mwingine mtulivu mshike tarehe zote kwenye simu yenu. Asipewe ratiba ya kuhudhuria sehemu tano wiki moja. Na kama alikuwa anatumia kitu kikali kuliko bangi, mwambie mapema kwamba mwili umeshasahau, dozi ya zamani inaweza kumuua siku ya kwanza.

Anza na mama, na usianze na neno ADHD kama linamkwaza. Muulize tu akusimulie mdogo wako alivyokuwa kabla ya ule mti, darasa la kwanza, nyumbani, kanisani au msikitini, kwenye foleni, na wewe uandike anavyosimulia kwa maneno yake. Toa nakala mbili, moja iende kwa daktari wa gereza na moja ubaki nayo, hiyo ndo utaingia nayo kliniki siku ya kwanza akishatoka.